Vidirisha Viwili vya Hema la Saidi

Vijana wangu, kila mnaponijia kuniuliza mnunue hema gani la kupigia kambi, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: "Mzee Bakari, tuchukue la watu wangapi?" Nami hucheka, maana hilo ndilo swali la mwisho kabisa. Watu hujipanga. Wanane wanaopendana watalala katika hema la wanne, na wawili waliogombana hawatoshi katika hema la kumi. Ulizeni kwanza udongo wa huko mwendako, ulizeni upepo na mvua, kisha jiulizeni ndani ya hema hilo mtafanya nini. Hilo la ndani ya hema mimi sikuliuliza siku moja, na mtu akafa. Nimekuwa nikiwafundisha mengine yote na hilo nikiliruka, sasa nimechoka kuliruka.

Nilishona mahema kwa zaidi ya miaka thelathini, mwanzo kwa mkono na baadaye kwa cherehani. Nilifundishwa na Fundi Shee, katika karakana yake pale Changamwe, kando ya barabara ya kwendea Nairobi. Kila aliyekuwa anapanda bara alipita mbele yetu: wapimaji wa barabara, wawindaji, wahubiri, wafanyakazi wa Kipevu na Port Reitz waliopata likizo na kutaka kujaribu starehe za Wazungu. Tuliwauzia na kuwakodishia mahema, na yaliporudi yamechanika tuliyatia viraka.

Fundi Shee alikuwa mtu wa Kisauni, wa ukoo wa zamani, mwembamba, mwenye kofia ya viua ambayo sikupata kuiona imechafuka hata siku moja, ingawa tulishinda katika nta na mafuta. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika, adabu ndiyo iliyozidi. Ukisikia "Tafadhali, bwana Bakari, njoo uone," basi ujue umeharibu kitu.

Mteja akiingia, Fundi Shee hakumwonyesha hema lolote. Alitandika mkeka na kumwambia, "Lala, bwana." Mtu alale vile alalavyo kwake, chali au ubavu, mikono ameitanua au ameikunja. Fundi akachukua chaki akamzungushia mstari, akaongeza shubiri moja kila upande na mbili kichwani. Alisema aliyelala hurefuka. Kulikuwa na Mzungu mmoja mnene, mpimaji wa barabara, aliyelala kwenye mkeka ule na usingizi ukamchukua kweli. Tulikwenda kusali alasiri tukarudi bado anakoroma ndani ya chaki yake. Alipoamka alinunua hema kubwa kuliko yote, akasema hajapata kulala vizuri namna ile tangu afike Afrika.

Msidhani mimi nilikuwa hodari tangu mwanzo. Familia moja ya wafanyabiashara wa Kisauni ilitaka kupiga kambi siku tatu ufukweni Likoni, na bwana akaniambia watakwenda na kitanda chao cha samadari, maana mkewe halali chini. Nikampa hema la duara, zuri, jeupe, lenye nguzo moja katikati. Nguzo katikati! Kitanda kikawa hakiingii ila kwa kukifungua, na kikifunguliwa hakisimami. Wakalala chini, bwana huku, bibi kule, nguzo imesimama baina yao. Aliporudisha hema aliniambia, "Bakari, umetupa talaka ya siku tatu." Mkewe akasema kutoka ndani ya gari kwamba kwake yeye hizo zilikuwa siku za raha.

Au siku nilipowasimamishia maskauti mahema yao, nikavuta kamba zikakaza kabisa, nikajisifu. Ikanyesha mvua mchana, na mahema manne kati ya sita yakang'oa vigingi na kuwaangukia. "Tafadhali, bwana Bakari," akasema Fundi Shee, "kamba ya katani ikinywa maji hufupika, kama mkono wa bahili unavyorudi mfukoni. Mawingu yakikusanyika, ilegeze." Kamba zenu za siku hizi hazifanyi hivyo, zenyewe hulegea. Lakini bado nawaambia, msifunge kamba mkaenda kulala na kuisahau.

Turubai jipya nalo sharti linyweshwe. Tulilisimamisha uani, tukalimwagia maji, likakauka, tukalimwagia tena, mara tatu. Nyuzi zikavimba na kuziba matundu ya sindano. Asiyejua haya alilala siku ya kwanza ya mvua akarudi kututukana. Na mvua ikinyesha, usiliguse turubai kwa ndani, hata kwa kidole, maana pale ulipogusa ndipo maji yatakapopita mpaka asubuhi. Nyinyi mna nailoni inayoingia katika mfuko wa shule, mmeepukana na hayo yote. Lakini nailoni nayo ina lake, na lake ndilo hilo hilo la ndugu yangu Saidi.

Basi sikilizeni habari ya vidirisha. Kila hema la Fundi Shee lilikuwa na vidirisha viwili vya hewa, kimoja mbele na kimoja nyuma, juu kabisa karibu na ncha ya paa, kila kimoja na kikofia chake cha turubai kuzuia mvua. Hakuna hema lililotoka karakana bila kupimwa. Na kipimo chake kilikuwa hiki: aliwasha chetezo, akatia udi juu ya makaa, akakiweka ndani ya hema, akafunga mlango, kisha akalizunguka polepole kwa nje, mikono mgongoni. Moshi ukitoka kwenye mshono, mshono ule ulifumuliwa. Moshi ukitoka kwenye vidirisha, alisema "Alhamdulillahi," na hema likakunjwa. Wateja walidhani ni kuliombea baraka. Wengine walikuwa wakilipenda hema kwa harufu yake tu.

Nilimwuliza siku moja vidirisha ni vya nini. Akanijibu, "Mtu akilala hutoa pumzi, na pumzi ina maji. Isipopata pa kutokea, utaamka asubuhi shuka zimelowa, udhani mvua imeingia." Jibu hilo lilinitosha. Nikajua vidirisha ni kwa ajili ya umande, basi.

Sasa nije kwa Saidi. Mama yangu mzazi aliugua mara aliponizaa, akawa hana maziwa. Jirani yetu pale Jomvu Kuu, Bi Rukia, alikuwa amejifungua Saidi wiki tatu kabla, akanitia kifuani pamoja na mwanawe. Mama yangu hakupona. Kwa hiyo nilikuwa na ndugu wa ziwa moja, na mama mmoja, na sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Saidi alisoma akawa mwalimu wa jiografia hapa Changamwe. Alikuwa mtu wa maswali na vicheko, akishika jiwe barabarani anataka kujua limetoka wapi. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto. Baridi kidogo tu, alianza kukohoa na kupiga mluzi kifuani mpaka sisi tuliomtazama tukakosa pumzi pamoja naye.

Miaka minne kabla ya Uhuru, Fundi Shee alikwenda kuhiji. Aliondoka kwa meli na kuniachia ufunguo wa karakana, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, nimekwisha kuwa fundi wa kutosha, au nikijiona hivyo. Hija ilikwisha, mahujaji wengine wakarudi, yeye akapitia kwa jamaa zake Lamu. Mwezi wa nane ukamkuta bado hajafika, na shule zikafungwa.

Saidi akaja na habari yake. Mwalimu mwenzake, Mwakio, Mtaita, alikuwa anakwenda kwao milimani kwa likizo, na Saidi ataandamana naye siku nne. Mwakio alisema nyumba ya wazee wake ina nafasi. Saidi hakutaka nyumba. Alitaka kupiga hema mgongoni mwa mlima ule, aamke aone mawingu yako chini yake, halafu awasimulie wanafunzi wake. "Nawafundisha mlima na sijaulalia hata mmoja," aliniambia. "Si aibu hiyo?"

Bi Rukia alikuja karakana siku ya pili yake, kwa miguu kutoka Jomvu Kuu, jua kali. Sikupata kumwona pale kabla ya siku hiyo. Aliketi juu ya robota la turubai akapangusa uso kwa ncha ya leso.

"Ndoo hapa, mwanangu," akaniambia. "Nduguyo amekataa nasaha. Nimemwambia huko ni baridi ya kuua mtu, asema atavaa sweta. Kifua chake wakijua."

"Nakijua, mama."

"Basi mimi nakuamini wewe. Nishonee hema, upepo usipate ndia ya kuingilia. Sitaki limwingilie hata tone moya. Akinirudia na mafua, wallahi utanijibu."

"Atarudi mzima, mama. Niachie mimi."

Hilo ndilo neno nililompa. Nikachagua hema letu zito kuliko yote, lile tulilolipaka nta mara mbili kwa ajili ya watu wa milimani, lenye sakafu ya turubai iliyoshonwa pamoja na kuta. Lilikuwa hema zuri, hata leo nikikumbuka mshono wake naona haya kusema kwamba lilikuwa zuri. Mlango wake ulifungwa kwa vifungo vilivyopandana mara mbili. Tatizo lilikuwa vidirisha. Nikaingia ndani, nikakaa, nikautazama mwanga ukipita pale juu, nikafikiri: hapa ndipo upepo wa mlimani utakapoingia na kumshukia Saidi kifuani. Umande utalowesha shuka, sawa, shuka zitaanikwa. Nikachukua shazia, ile sindano yetu kubwa, na uzi wa katani uliotiwa nta, nikavishona vyote viwili. Nilishona mishono midogo midogo, ile Fundi Shee aliyokuwa akiniambia ni kupoteza wakati.

Kisha nikalipima kama nilivyofundishwa. Nikawasha chetezo, nikaweka ndani, nikafunga. Nikamwita Bi Rukia, aliyekuwa akinisubiri, asimame nami. Tukalizunguka hema lote, mimi mbele yeye nyuma. Hakuna moshi uliotoka mahali popote, hata mshono mmoja.

"Waona, mama? Hata moshi hauna ndia."

"Mashallah," akasema. "Mashallah, mwanangu, mikono yako isipate dhara."

Mnaelewa? Nilifundishwa kuutazama moshi ule kwa miaka saba. Fundi Shee alikuwa anatafuta utoke. Mimi nikafurahi kwamba haukutoka.

Saidi aliondoka siku ya Alhamisi, amebeba hema na sweta mbili, na mama yake akamfungia katika leso jiko dogo la makaa na mavumba ya kujifukiza kifua kikimbana. Mimi nilikuwapo. Nililiona jiko lile, na sikuuliza litawashwa wapi. Saidi alicheka akasema mama anampeleka mlimani na jiko kama bibi harusi. Tukamcheka naye.

Jumamosi, Mwakio alimpelekea uji asubuhi, akamwita mara tatu. Alifungua vifungo mwenyewe. Saidi alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, vile alivyozoea tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Jiko lilikuwa miguuni pake, majivu matupu. Mganga wa zahanati ya huko aliambiwa kwamba marehemu alikuwa na kifua, akasema ni kifua na baridi. Wakamteremsha kwa lori, tukamzika Jomvu Kuu Jumapili kabla ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea, maana hakuwa na ndugu mwingine wa kiume.

Mwakio akaleta hema karakana siku ya hitima, maskini, amelikunja vizuri. Nililiweka nyuma kabisa ya mengine. Bado sikujua. Nililia nikidhani baridi ilikuwa kali kupita hema langu, nikajilaumu kwamba sikuongeza tabaka la pili la turubai. Ona ujinga wa mtu!

Fundi Shee alirudi wiki tatu baadaye. Alikwenda kwanza kumpa pole Bi Rukia, ndipo akaja karakana. Aliomba alione hema alilolalia marehemu. Tukalisimamisha uani. Alilizunguka mara moja, mikono mgongoni, akasimama upande wa mbele akatazama juu. Akaenda nyuma akatazama juu tena. Kisha akaingia ndani, akapitisha kidole kwenye mishono yangu.

"Tafadhali, bwana Bakari," akasema, "alikuwa na moto ndani?"

"Jiko la makaa, Fundi. Mama alimpa."

Aliketi pale pale chini. Akaniambia habari ya makaa: kwamba yakiwaka mahali pasipo pa kutokea hewa, hutoa sumu isiyo na moshi wala harufu, na mtu huona usingizi mtamu tu. Kwamba vidirisha viko kwa ajili ya umande, na viko kwa ajili ya hilo pia, maana watu wa pwani wakipanda milimani hawawezi kuiacha baridi nje bila kuuingiza moto ndani. Alilijua hilo miaka yote.

"Nusu ya kosa ni langu," akasema. "Nilikueleza la umande, la moto sikukueleza. Nilidhani mtu hawezi kuviziba. Lakini nusu yako ni yako, na mtu wa kuipokea si mimi. Nenda kamwambie mama yako."

"Nitakwenda, Fundi."

"Leo."

"Leo, inshallah."

Sikwenda. Nilikwenda Ijumaa, kama nilivyokuwa nikienda kila Ijumaa, nikakaa naye, nikala chakula chake, na nikaondoka na neno langu tumboni. Nikajipa sababu nzuri, na hizo sababu nzuri ndizo mbaya kuliko zote. Nilisema hivi: nikimwambia vidirisha vilizibwa, ataniuliza kwa nini hewa ilihitajika, na nikimwambia makaa, atajua kwamba jiko alilitoa yeye kwa mkono wake. Yeye anaamini ni baridi. Baridi ni kazi ya Mungu, mwache ailaumu. Nikajiona ninamhurumia, kumbe ninajihurumia mwenyewe.

Ijumaa zikapita, na mwaka ukapita. Fundi Shee alikuwa akiniuliza, kisha akaacha kuniuliza. Alipougua, nilikwenda kumwona Kisauni, na hapo kitandani akanishika mkono. "Ulimwambia?" Nikajibu, "Ndiyo, Fundi, nilimwambia." Akasema, "Alhamdulillahi," kama aliyeona moshi umetoka, na baada ya siku mbili akafa. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, lakini uongo huo ni wa pili kwa ukubwa, na wakati mwingine nahisi ni wa kwanza.

Katika muda huo nilimwona Bi Rukia akibadilika. Alikonda. Aliacha kutia udi nyumbani hata siku ya Idi, yeye aliyekuwa akijulikana mtaa mzima kwa udi wake. Chakula akawa anapikia kuni, nje uani, juu ya mafiga, jua na mvua, mpaka macho yakawa mekundu na kikohozi kikamshika kama cha mwanawe. Niliyaona yote. Nikasema ni majonzi, mwache aomboleze apendavyo.

Ikaja wiki ya Uhuru. Karakana ilijaa kazi, kila mtaa ukitaka turubai la kivuli kwa wageni wake. Watu walisalimiana barabarani hata wasiojuana, na maneno yalikuwa yale yale kila mahali, kwamba ya zamani yamekwisha. Langu halikuwa limekwisha. Asubuhi moja nilikuwa nakata tundu la hewa katika turubai la jukwaa, na mkono ukakataa kukata. Nikaweka mkasi chini, nikavaa kanzu, nikashika njia ya Jomvu Kuu kwa miguu.

Nilimkuta uani, ameinama juu ya mafiga anapuliza kuni mbichi, machozi ya moshi yanamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Ijumaa, kuna heri?"

Nikashindwa kuanza. Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Mama, moshi huu utakumaliza. Niruhusu nikununulie jiko la makaa, upike kwa raha."

Akainuka polepole, akajifuta macho, akanitazama.

"Makaa hayangii tena nyumbani kwangu," akasema. "Makaa yaliniulia mwanangu. Mwakio alinirejeshea jiko, akanambia lilikuwa ndani, miguuni pake. Sikufahamu mpaka walipokufa mtu na mkewe hapo Chaani, muda mfupi baada ya hitima, kwa jiko chumbani, dirisha limefungwa. Ndipo nikafahamu. Ni mimi niliyelifunga jiko lile katika leso yangu, Bakari, kwa mikono yangu hii. Sijamwambia mtu. Hata wewe nilikuficha, nikichelea utanichukia, maana alikuwa nduguyo."

Nikaketi juu ya kinu. Nikamwambia yote. Nikamwambia vidirisha ni vya nini, na vilikuwa wapi, na nilivishona kwa uzi gani. Nikamwambia kwamba kama ningeviacha wazi, jiko lile lingemtia joto usiku kucha, na asubuhi angekunywa uji wa Mwakio. Hakunikatiza. Aliniuliza maneno mawili tu.

"Ulivishona vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama."

"Na ule moshi tuliouzunguka mimi nawe, ulitakiwa utoke?"

"Ulitakiwa utoke."

Kuni zilikuwa zimezimika. Akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa, akakikandamiza tumboni mwake. "Ulitaka asipate baridi," akasema. "Nami nilitaka asipate baridi. Mungu atusamehe sote wawili. La Saidi nimekusamehe, mwanangu, duniani na akhera." Tukalia pamoja, kilio ambacho tulipaswa kukilia siku ya mazishi.

Halafu mikono yake ikaacha kunibana. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ulijua lini?"

"Fundi Shee aliporudi hija."

"Mwaka ule ule?"

"Mwaka ule ule, mama."

"Wiki ngapi baada ya kumzika?"

"Tatu."

Akahesabu, nilimwona akihesabu. "Miaka minne," akasema. "Ukija kila Ijumaa ukila wali wangu. Miaka minne naamka alfajiri najiambia ni mimi peke yangu niliyemuua, nawe umeketi hapo, una nusu yake mfukoni."

Nikainama nikaziwasha kuni zake upya.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Nilimnunulia dawa, nilimtia paa jipya, nilimpeleka hospitali Port Reitz kwa mikono yangu, na ndimi niliyemzika. Hakuninunia, tulikula pamoja na hata kucheka. Lakini kila nilipomwomba radhi ya ile miaka minne, na nilimwomba mara nyingi, alinijibu kwa upole jibu lile lile: "La Saidi nilikupa. Hiyo sina ya kukupa, Bakari. Hiyo niliimaliza peke yangu."